Kilicho Kati ya Jicho na Mlima

Redio inatangaza saa kumi na mbili asubuhi, lakini Kasulu bado ni giza. Dar es Salaam kumeshakucha na daladala zimeshajaa. Huku nyanda za juu za Kigoma mwenye kibanda cha chai ndiyo kwanza anapuliza mkaa, na mwanga pekee barabarani ni taa ya bodaboda inayoshuka kuelekea sokoni. Mgeni aliyeamka mapema ili aone jua likichomoza hujikuta amesimama kilimani muda mrefu, mikono mfukoni, akitetemeka na kujiuliza kama saa imemdanganya.

Jua halijachelewa. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao hata ardhi ya Tanzania haugusi, unapita Somalia. Kasulu iko jirani na nyuzi 30. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo jua la huku liko nyuma ya saa ya ukutani kwa karibu saa nzima. Huchomoza kuelekea saa moja asubuhi, hufika utosini karibu saa saba mchana, na huzama karibu saa moja jioni. Hesabu yetu ya Kiswahili ilianza kwa kutazama jua: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana kukatika. Waliohesabu hivyo walikuwa pwani, na jua walilohesabu lilikuwa lao. Muha, mwenyeji wa huku, anayevaa saa mkononi anabeba jua la watu wengine.

Nilikuwa Heru Juu, kilima kilichokuwa makao ya watawala wa Heru, akiwamo Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache walioshika utawala wa jadi Tanganyika wakati wa Waingereza. Ulikuwa msimu wa mvua. Mwanga ulipoanza kuja, haukuja na milima. Ulikuja na weupe tu. Mabonde yote yalikuwa yamejaa ukungu hadi shingoni, na vilele vya vilima vilichungulia kama migongo ya viboko mtoni. Kisha mashariki pakaiva, ule weupe ukashika rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, na kivuli changu kikalala mbele yangu, kirefu kuliko mnazi.

Mama mmoja alikuwa anapita na jembe begani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umepotea?”

“Hapana, mama. Natazama ukungu.”

Alisimama, akatazama nilikokuwa natazama. “Ukungu huu ukikaa siku tatu, maharage yanaingia kutu,” akasema, akashika njia ya bondeni. Baada ya hatua ishirini hivi miguu yake ilimezwa, kisha kiuno, kisha jembe.

Nilikumbuka kwamba Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili hayo. Ukungu ni huu unaofunika bonde asubuhi. Ukungu pia ni ule unaoota juu ya mkate uliolala na juu ya mahindi yaliyovunwa na unyevu. Mimi nilisikia maana ya kwanza. Mama alisikia zote mbili.

Mtu aliyegeuza mgongo

Kuna picha ambayo huenda umeiona kwenye jalada la kitabu bila kujua ni ya nani. Mwanamume aliyevaa koti refu amesimama juu ya mwamba, fimbo mkononi, nywele zinapeperuka. Ametupa mgongo. Mbele yake kuna bahari ya ukungu, miamba imejitokeza humo kama visiwa, na nyuma kabisa mlima umefifia hadi unakaribia kuwa anga. Aliichora Mjerumani Caspar David Friedrich mnamo mwaka 1818 hivi, na leo imetundikwa katika jumba la sanaa la Hamburg. Kwa Kiswahili tungeiita Msafiri Juu ya Bahari ya Ukungu.

Friedrich alizaliwa Greifswald, kwenye pwani ya Baltiki, mwaka 1774, na aliishi Dresden hadi kifo chake mwaka 1840. Akiwa na miaka 13 alimwona ndugu yake akizama chini ya barafu. Alikuwa mmoja wa vinara wa mkondo ambao wasomi wetu wa fasihi wameuita ulimbwende. Katika kipindi ambacho Ulaya ilikuwa inajenga viwanda na kupima kila kitu kwa rula, wachoraji na washairi wa mkondo huo walirudi milimani, kwenye dhoruba na machweo, kutafuta kile ambacho rula haikipimi.

Wasichokisema wengi ni kwamba mandhari ya picha ile, kwa ukamilifu wake, haipo popote. Friedrich alitembea milima ya mawe ya mchanga kusini mashariki ya Dresden, akachora mwamba mmoja huku na mwingine kule kwa penseli. Kisha alirudi chumbani kwake na kuiunganisha. Miaka michache baadaye alichora Watzmann, mlima mkubwa wa Bavaria wenye theluji, bila kufika huko hata siku moja. Alitegemea mchoro wa mwanafunzi wake. Kilichokuwa chake kwa hakika ni hewa. Alipaka rangi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, hadi mlima wa mbali ukaonekana kama pumzi kwenye kioo.

Mwingereza J.M.W. Turner alifika mbali zaidi. Mwaka 1812 alionyesha picha ya Hannibal, jemadari wa Carthage, akivuka milima ya Alps na jeshi lake. Mtazamaji wa Afrika Mashariki ataanza kumtafuta tembo, maana Hannibal anajulikana kwa tembo wake. Atamtafuta sana. Tembo ni doa dogo kwenye upeo, na jemadari haonekani kwa urahisi. Picha nzima imechukuliwa na tufani: wingu jeusi limejikunja kama wimbi juu ya askari, na jua limening'inia ndani yake kama chungwa bovu. Linganisha na picha tulizozoea kuona zikiuzwa kwa watalii Dar es Salaam na Arusha, ambamo tembo amejaa ubao mzima na Kilimanjaro imesimama nyuma yake safi kama imefuliwa.

Somo la Friedrich na Turner ni rahisi kulisema na gumu kulifanya. Anayetaka kuchora mlima achore kwanza kilicho kati ya jicho lake na mlima.

Waliopita bila kuona

Wazungu wa kwanza kuandika vitabu kuhusu upande huu wa nchi walikuwa watoto wa zama hizo za ulimbwende. Walikulia kwenye picha za milima na mashairi ya machweo, na walikuja wakiwa na hamu ya kuona. Bahati yao mbaya ni macho.

Februari 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walifika kwenye kilima kinachotazama Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa hawezi kutembea vizuri kwa ugonjwa. Alipoona mstari wa mwanga chini huko, hakujua ni nini. Ilibidi amuulize Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa watu wa msafara wao, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India. Bombay akamwambia kwamba kwa maoni yake yale ni maji. Speke ndiye aliyepata hasara kubwa zaidi. Macho yalikuwa yamevimba kiasi cha karibu upofu, na baada ya safari ya miezi kadhaa kutoka pwani, ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani lilikuwa kwake weupe unaochoma na ukungu tu. Bila kutaka, alikuwa ameona picha ya Turner.

Novemba 1871 ilikuwa zamu ya Henry Morton Stanley, akimtafuta mmisionari Livingstone. Njia yake ilipita katika nchi ya Waha, yaani Buha. Watawala wa Buha walimdai hongo, kodi ya njia, kama walivyowadai wafanyabiashara wengine wote waliopita na mizigo ya vitambaa. Alilipa, akalia, akadaiwa tena mbele. Mwishowe aliamua kutoroka usiku, kupitia porini, msafara ukiwa kimya. Kwa hiyo sehemu ya nchi hii iliingia katika kitabu chake maarufu ikiwa gizani, na mwandishi akinyata.

Mmoja alipita macho yakiuma, mwingine alipita usiku. Baada yao wakaja maofisa wa Kijerumani na wa Kibelgiji, kisha wa Kiingereza, na ramani zao. Wachoraji walienda kwingine. Kilimanjaro ilimpata Harry Johnston mwaka 1884, mpelelezi aliyesomea uchoraji, na mwaka 1898 ikampata Ernst Platz, mchoraji wa Munich aliyefuatana na mpanda milima Hans Meyer. Theluji inavuta macho. Vilima vya Buha havina theluji. Vina kitu kingine ambacho huhitaji kukaa ndipo ukione.

Kwa nini mbali ni buluu

Mwaka uleule wa 1871, Stanley akinyatia Buha usiku, mwanasayansi wa Kiingereza John William Strutt, ambaye baadaye aliitwa Lord Rayleigh, alichapisha maelezo ya kwa nini anga ni buluu. Maelezo hayo yanatosha kabisa kwa mtu anayesafiri kwa basi kutoka Kasulu kwenda Kibondo.

Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi zote. Ikipita katikati ya chembe ndogo sana za hewa, nuru ya buluu hutawanywa mara nne na zaidi kuliko nyekundu. Ukitazama kilima kilicho mbali kilomita kumi, kati yako na kilima kuna hewa ya kilomita kumi, na hewa hiyo yote inakurushia buluu. Kilima chenyewe ni cha kijani, lakini hewa imekipaka rangi yake. Kilima cha nyuma yake kimepakwa zaidi. Cha tatu kimebaki kivuli. Jioni, jua likiwa limeinama, nuru hupita katika hewa nyingi mno kabla ya kukufikia. Buluu imeshapotelea njiani na nyekundu ndiyo inayofika.

Hayo ni kwa hewa safi. Chembe zikiwa kubwa zaidi, kama za vumbi na matone ya ukungu, hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na ndipo mbali huwa peupe badala ya buluu.

Kiswahili kilijua jambo hili kwa njia yake. Majina yetu mengi ya rangi ni vitu vilivyoshikika: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Samawati peke yake imetoka juu, katika neno la Kiarabu la mbingu. Simama Busunzu au Kifura, huko Kibondo, asubuhi baada ya mvua, uhesabu migongo ya vilima kutoka karibu kwenda mbali: jani, samawati, jivu. Umeeleza mandhari nzima na hujataja rangi hata moja isiyo na mwenyewe.

Tuna methali isemayo milima haikutani, binadamu hukutana. Saa moja kasoro jioni, moshi ukiwa hewani, methali hiyo hupata taabu. Kilima cha mbele kinayeyukia kwenye cha nyuma, na cha nyuma kinayeyukia kwenye anga, na huwezi tena kuonyesha kwa kidole pale kimoja kinapokoma.

Moshi, vumbi na mvua

Mchoraji wa kukaa Buha mwaka mzima angehitaji visanduku vitatu vya rangi.

Cha kwanza ni cha kiangazi. Kuanzia Juni nyasi hukauka, asubuhi huwa na baridi ya kutafutia koti, na kufikia Agosti na Septemba moto unatembea. Wakulima wanasafisha mashamba, wafugaji wanachoma malisho ili nyasi mpya ziote, walina asali wanafukiza mizinga, wachoma mkaa wamefunika matanuri yao porini, na moto mwingine huanza pasipo mwenyewe kujitokeza. Moshi huo wa miombo huenea nchi nzima ya magharibi na kuvuka mipaka. Wakati huo vilima vya pili na vya tatu hufutika kabisa. Jua la jioni huwa duara jekundu lisilo na miale, unaloweza kulitazama kama sahani, na mara nyingi huzama kabla halijafika ardhini: linapotelea kwenye moshi likiwa bado juu ya upeo.

Ulaya iliwahi kupakwa rangi na moto wa mbali. Aprili 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka, na vumbi lake likazunguka dunia. Mwaka 1816 Ulaya ilikosa kiangazi, mazao yakaharibika, na machweo yakawa na wekundu usio wa kawaida. Wapo wanasayansi waliopima wekundu wa anga katika picha za miaka hiyo ili kukadiria uchafu uliokuwa hewani. Yaani mchoraji aliyedhani anachora huzuni yake alikuwa pia anaandika kumbukumbu za hali ya hewa. Picha ya Septemba ya Kasulu nayo ingekuwa hati ya aina hiyo, ikieleza ni kiasi gani cha msitu kimepanda juu mwaka huo.

Kisanduku cha pili ni vumbi. Kwa miongo mingi barabara ya Kigoma, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi ilikuwa ya udongo mwekundu, na abiria aliteremka akiwa na nyusi za rangi ya tofali. Migomba ya kando ya barabara ilisahau kijani chake hadi mvua ya kwanza. Basi likipita jioni liliacha nyuma yake pazia lililoshika jua, na kwa dakika nzima mwenye baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi alionekana kivuli chake tu ndani ya dhahabu. Lami imekuwa ikija kipande kwa kipande, na hakuna mwenye mapafu atakayelilia vumbi. Lakini lami nayo imebadilisha nuru. Mvua ikinyesha juu yake, anga hulala barabarani, jambo ambalo udongo haukuweza kulifanya.

Cha tatu ni maji. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Dalili ya mvua ni mawingu, nao Waha huona mawingu yao yakija kutoka mbali kwa sababu wako juu. Mvua ya kwanza huosha moshi wote kwa alasiri moja, na asubuhi yake vilima hurudi mahali pake kana kwamba vimesogezwa usiku: unaona miti kwenye mgongo ambao jana haukuwepo. Kusini na mashariki maji hukusanyika katika mito ya Malagarasi na Moyowosi na mabwawa yake, ardhioevu ya zaidi ya kilomita za mraba 32,000 ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Usiku tulivu, hewa baridi huteremka mabondeni kama maji yanavyoteremka, unyevu unageuka matone, na alfajiri bonde limejaa.

Visanduku vyote vitatu vina tatizo moja: muda. Dresden iko nyuzi 51 kaskazini, na mwezi Juni giza kamili halifiki usiku kucha. Friedrich alikuwa na utusitusi wa kutosha kunywa kahawa na kurudi. Kasulu, nyuzi nne na nusu tu kusini mwa ikweta, jua huzama karibu wima. Likishatumbukia, una dakika ishirini na kitu, kisha unatafuta tochi. Mchoraji wa huku lazima achore kwa kumbukumbu.

Mlima wa kichwani

Huyo mchoraji wa kumbukumbu tunaye, ingawa hakuwa Muha. Sam Ntiro alizaliwa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere, ambako Margaret Trowell alikuwa akiwasimulia wanafunzi hadithi kisha kuwaacha wachore walichokiona kichwani, bila kuwafungia kanuni za Ulaya za ukaribu na umbali. Baadaye Ntiro alisoma chuo cha sanaa cha Slade, London, na Tanganyika ilipopata uhuru alirudi mji huohuo akiwa Balozi.

Maisha yake yote alichora Kilimanjaro aliyoiacha nyumbani: watu wanachuma kahawa, wanakata majani, wanajenga, wanabeba. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika hazina ya jumba la sanaa ya kisasa la New York. Alichora mlima akiwa mbali nao, kama Friedrich alivyochora Watzmann. Hapo ndipo kufanana kunapoishia. Kwa Ntiro mwanga mara nyingi umeenea kila mahali sawasawa, na mtu wa mbali hajafifia kumzidi wa karibu. Wala hayupo mtu aliyesimama peke yake akitafakari. Mlima umejaa watu wenye kazi, na hakuna aliyepata nafasi ya kumgeuzia mtazamaji mgongo ili atazame mandhari.

Nimewaza sana kuhusu tofauti hiyo. Ni rahisi kusema kwamba Ntiro hakujali hewa, kwamba alijali watu, na kwamba Friedrich alikuwa kinyume chake. Kasulu imenifanya niamini kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa jambo moja.

Linakozama jua

Kwa zaidi ya miaka 25, dunia imezijua Kibondo na Kasulu kwa picha za aina moja: mahema meupe, vumbi jekundu, foleni ya ndoo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 ikapokea wimbi la Warundi. Mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya. Wapigapicha walikuja kwa haki na kwa haja. Lakini walikuja kupiga picha ya shida, na shida hupigwa kwa karibu. Vilima vilibaki nje ya fremu.

Kwa aliye ndani ya kambi vilima hivyo havikuwa pambo. Burundi iko magharibi ya Kibondo. Kongo iko magharibi ya Kasulu, ng'ambo ya ziwa. Kila jioni jua likizama, linazama kwao. Mtu anayeketi nje ya hema saa moja kasoro na kutazama migongo ya samawati ikigeuka jivu anatazama upande wa shamba lake, wa kaburi la baba yake, wa mlango alioufunga kwa haraka au hakuufunga. Msafiri wa Friedrich anatazama ukungu na kujiuliza yeye ni nani. Huyu anajijua ni nani. Kinachomsumbua ni umbali, na buluu ya kilima ni umbali huo ulioshika rangi.

Kati ya jicho lake na mlima kuna kilomita za hewa, na ndani ya hewa hiyo kuna mpaka.

Jioni, kutoka juu

Jioni yangu ya mwisho nilipanda tena juu ya mji, kiangazi kikiwa kimekaza. Jua lilikuwa limeshageuka sahani. Nilitaka kuona bahari ya ukungu mara nyingine, ingawa nilijua msimu wake ulikuwa umepita.

Bahari ilikuja. Haikutoka mtoni. Ilianza kama uzi mmoja juu ya paa la nyasi upande wa pili wa bonde, kisha uzi mwingine juu ya paa la bati, kisha kumi, kisha sikuweza kuhesabu. Nyuzi zilipanda wima hadi kimo fulani, zikasimama, zikaanza kulala. Sababu yake inajulikana: jioni ardhi ya bondeni hupoa mapema, hewa baridi hubaki chini na yenye joto kidogo hukaa juu yake kama mfuniko, na moshi ukifika kwenye mfuniko huo hauna pa kwenda ila pembeni. Nyuzi zikaungana. Ndani ya robo saa bonde zima lilikuwa limetandikwa shuka moja jembamba la samawati, na michikichi michache na minara ya simu ikatokeza juu yake kama miamba ya Friedrich.

Picha ilikuwa ileile ya mwaka 1818, ukiacha jambo moja. Pafukapo moshi pana moto, na kila uzi uliosokota shuka lile ulitoka jikoni. Chini ya huu palikuwa na maharage yaliyoanza kuchemka tangu alasiri. Chini ya ule palikuwa na ugali wa muhogo unasongwa. Chini ya mwingine mgebuka wa ziwani umegeuzwa mara ya mwisho. Mahali fulani chini humo huenda alikuwamo yule mama wa jembe, maharage yake yamepona kutu, naye anapepea kuni mbichi huku machozi yanamtoka. Moshi uliokuwa unamliza yeye ndio uliokuwa unanipendezea mimi.

Giza likafika kwa desturi yake ya huku, kama mtu aliyezima taa. Nilisimama kidogo. Vilima vilikwisha, rangi zilikwisha, ikabaki harufu. Nikawasha tochi ya simu na kuanza kuteremka, na baada ya hatua ishirini hivi nilikuwa ndani yake.